Leza ya Macho na Mfuko wa Kaya: Hesabu ya Tiba Inayoanzia Mbulu na Hanang

Swali ambalo familia nyingi huuliza mara zinaposikia habari za upasuaji wa macho kwa leza ni la bei, na swali hilo, ingawa ni la haki kabisa, halina jibu moja, kwa sababu leza si tiba moja bali ni chombo kinachotumika kwa kazi kadhaa zisizofanana, na kila kazi ina gharama yake, mgonjwa wake na manufaa yake. Mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu anayeanza kupoteza uwezo wa kuona pembeni, mwalimu wa Katesh aliyechoka kuvaa miwani, bibi wa Basotu aliyetolewa mtoto wa jicho na ambaye sasa anaona ukungu upya, na mfugaji wa Kibarbaig mwenye kisukari, wote wanaweza kuambiwa kwamba tiba yao ni leza, ilhali tiba hizo nne zinatofautiana kwa mashine, kwa bei, na zaidi ya yote kwa uzito wa kile kinachopotea zikikosekana. Hoja ya makala haya ni kwamba unafuu wa leza kwa kaya za wilaya hizi mbili za Manyara haupimwi kwa bei ya chumba cha upasuaji peke yake, bali pia kwa mambo ambayo risiti ya hospitali haiyaonyeshi: ni leza ya aina gani, na ni safari, siku na watu wangapi wanaohitajika ili mgonjwa aketi mbele ya mashine yenyewe.

Leza ni mwanga ulioundwa kwa namna ya pekee, wenye rangi moja na unaokwenda katika mstari mwembamba bila kutawanyika, hivyo nguvu yake yote inaweza kuelekezwa kwenye doa dogo sana. Jicho, tofauti na viungo vingine vya mwili, limeumbwa lipitishe mwanga, na kwa hiyo daktari anaweza kuifikia mifereji, utando au retina iliyoko nyuma kabisa ya jicho bila kulifungua kwa kisu. Retina ni tabaka jembamba linalopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu. Konea ni kile kioo cha mbele ambacho mwanga hupitia kwanza, na kwa kuwa ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuupinda mwanga, umbo lake likibadilika hata kidogo, uonaji nao hubadilika.

Leza inayovunja miwani

Upasuaji unaotangazwa zaidi mijini, na ambao watu wengi huufikiria leza inapotajwa, ni ule wa kurekebisha konea ili mtu asiyeona mbali au asiyeona karibu aachane na miwani. Aina yake iliyozoeleka huitwa lasiki: daktari hufungua kifuniko chembamba juu ya konea, leza ya eksaima huondoa chembe za tishu kwa kipimo kilichopangwa na kompyuta, kisha kifuniko hurudishwa mahali pake bila kushonwa. Chanzo cha teknolojia hiyo hakikuwa hospitali. Mwaka 1981 wanasayansi wa kampuni ya IBM huko Marekani, Rangaswamy Srinivasan na wenzake James Wynne na Samuel Blum, walijaribu leza ya eksaima kwenye gegedu la bata mzinga lililobaki katika mlo wa sikukuu, wakaona kwamba miale hiyo hukata tishu kwa unadhifu bila kuunguza pembeni. Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel alishirikiana na Srinivasan kuonyesha kwamba konea nayo inaweza kuchongwa hivyo, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ioannis Pallikaris, katika kisiwa cha Krete nchini Ugiriki, alikuwa ameunganisha wazo la kifuniko na leza hiyo. Marekani iliidhinisha leza ya eksaima kwa ajili ya kurekebisha uonaji mwaka 1995.

Historia hiyo ina sehemu moja ambayo mlipaji anapaswa kuijua, kwa sababu inaeleza kwa nini bei haikushuka upesi kama ilivyoshuka ya simu au kompyuta. Kampuni mbili zilizomiliki hataza za kwanza nchini Marekani, VISX na Summit Technology, ziliunganisha hataza zao mwaka 1992 chini ya ubia ulioitwa Pillar Point Partners, na madaktari wakawa wanatozwa dola 250 kwa kila upasuaji uliofanywa, mbali na bei ya mashine yenyewe. Mwaka 1998 mamlaka ya ushindani wa biashara ya Marekani iliushtaki ubia huo, ukavunjwa, na mwaka 2000 VISX ikapunguza tozo yake hadi dola 100. Hataza zimepita, lakini gharama nyingine zimebaki. Mashine ya eksaima huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, hutumia gesi maalumu, huhitaji chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa, na lazima ikaguliwe mara kwa mara na fundi aliyefunzwa na mtengenezaji. Ndiyo maana hata Marekani, kwenye soko kubwa lenye ushindani, jicho moja hugharimu takriban dola 2,000 au zaidi, na ndiyo maana katika Afrika Mashariki huduma hii imekaa katika hospitali binafsi za miji mikubwa kama Dar es Salaam na Nairobi, ambako wateja wenye uwezo wa kulipa fedha taslimu ni wengi kiasi cha kuifanya mashine ijilipe.

Kwa mkazi wa Hanang au Mbulu, bei inayotangazwa na hospitali hizo ni mwanzo tu wa hesabu. Kabla ya upasuaji hupimwa unene na umbo la konea, ukavu wa jicho na uthabiti wa namba za miwani. Mtu aliye chini ya miaka 18, mjamzito au anayenyonyesha, mwenye konea nyembamba, au mwenye ugonjwa unaoifanya konea iwe na umbo la pia, hukataliwa, na inampasa kukataliwa. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kusafiri kutoka Haydom hadi Dar es Salaam, akalipia vipimo, nauli na malazi, kisha akaambiwa kwamba hafai. Akikubaliwa, atahitajika siku inayofuata upasuaji, baada ya wiki na baada ya mwezi au zaidi, kwa uangalizi usioweza kurukwa hata kama upasuaji umekwisha. Zaidi ya hayo, lasiki ya kawaida haiondoi hali inayowapata karibu watu wote wanapopita miaka 40, yaani lenzi ya ndani ya jicho kupoteza unyumbufu hata maandishi ya karibu yasisomeke bila miwani. Mwalimu wa miaka 42 anayeuza ng'ombe ili aachane na miwani ya kuona mbali anaweza kujikuta, muda si mrefu baadaye, akinunua miwani ya kusomea.

Haifai kumcheka anayetamani lasiki, kwa maana wapo ambao kazi yao haipatani na miwani na wapo ambao namba zao ni kubwa kiasi kwamba kioo kizito ni mzigo wa kweli. Lakini ni haki kusema wazi kwamba hii ni leza ya hiari. Inampa mtu kwa gharama kubwa kile ambacho miwani iliyopimwa vizuri humpa kwa gharama ndogo, na bima nyingi duniani huiweka nje ya mafao yao kwa sababu hiyo. Mahali ambapo watoto wengi wa shule hawajawahi kupimwa macho hata mara moja, shilingi ya umma inayotafuta pa kwenda ina njia nyingi bora kabla ya kufika kwenye mashine ya eksaima.

Mtoto wa jicho na dhana ya kwamba leza ni bora daima

Mtoto wa jicho, yaani ukungu unaoifunika lenzi ya ndani, ndicho chanzo kikuu cha upofu duniani, na wagonjwa wengi huamini kwamba hospitali za kisasa humwondoa kwa leza, hivyo wakipewa upasuaji wa mkono hudhani wamepewa tiba ya daraja la chini kwa kuwa wanatoka kijijini. Imani hiyo ina madhara, kwa sababu humfanya mzee asubiri fedha za safari ya mbali wakati tiba sahihi ingepatikana karibu. Ni kweli kwamba zipo leza zinazoweza kusaidia baadhi ya hatua za upasuaji huo. Utafiti mkubwa wa Ufaransa uitwao FEMCAT, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet, ulilinganisha njia hiyo na njia ya kawaida, ukakuta kwamba leza haikuleta matokeo bora zaidi kwa wagonjwa huku ikiongeza gharama. Mgonjwa wa Hanang anayefanyiwa upasuaji wa tundu dogo, kisha akawekewa lenzi ya bandia, hajapunjwa kitu.

Kisa cha lenzi hiyo ya bandia kinastahili kukaliwa kidogo, kwa kuwa kinaonyesha kwamba unafuu wa tiba hauanguki kutoka mbinguni bali hutengenezwa. Harold Ridley aliweka lenzi ya kwanza jijini London mwaka 1949, na kwa miongo kadhaa lenzi zilibaki kuwa bidhaa ya nchi tajiri, zikiuzwa kwa bei ya kufikia dola 100 kila moja. Nchini India, katika mji wa Madurai, Dkt. Govindappa Venkataswamy alikuwa ameanzisha Hospitali ya Macho ya Aravind mwaka 1976 kwa vitanda vichache, akajenga utaratibu ambao wagonjwa wenye uwezo hulipa na wasio na uwezo hutibiwa bure au kwa bei ndogo katika mfumo uleule. Bei ya lenzi ilipokuwa kikwazo, taasisi hiyo ilianzisha kiwanda chake mwaka 1992, Aurolab, kilichouza lenzi kwa takriban dola 10 na baadaye kwa chini ya hapo. Mwaka 1994 viwanda vya lenzi vilifunguliwa pia Nepal na Asmara, Eritrea, kutokana na juhudi alizozianzisha daktari wa Australia, Fred Hollows. Upasuaji unaofanyika leo katika hospitali za kaskazini mwa Tanzania kwa gharama ambayo familia ya kawaida inaweza kuijadili mezani ni tunda la maamuzi hayo ya viwanda na ya uendeshaji, wala si la huruma pekee.

Leza huingia baadaye. Kwa baadhi ya wagonjwa, miezi au miaka baada ya upasuaji, utando mwembamba unaoishikilia lenzi ya bandia hupata ukungu, na mgonjwa husema mtoto wa jicho amerudi. Hajarudi, na wala hahitaji kufunguliwa jicho upya: leza iitwayo YAG hutoboa kidirisha katikati ya utando huo kwa dakika chache, bila maumivu makali wala kulazwa. Hii ni leza nafuu na yenye faida ya haraka kuliko zote, lakini mashine yake haiko kila mahali panapofanyika upasuaji wa mtoto wa jicho, hivyo bibi aliyeona vizuri kwa miaka miwili huweza kurudi gizani kwa kukosa tiba ya dakika tano. Ni jambo la kuuliza mapema, siku ya upasuaji wa kwanza: ukungu ukitokea, leza hiyo itapatikana wapi?

Presha ya macho na jaribio la Moshi

Leza ambayo ina maana kubwa zaidi kwa Mbulu na Hanang haizungumzwi sana sokoni. Ni ile ya glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka bila kukoma kupitia kichujio kidogo kilichoko pembeni ya konea. Kichujio kikiziba polepole, maji hukosa pa kutokea, shinikizo huongezeka, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo kuanzia sehemu inayoona pembeni. Hakuna maumivu, hakuna wekundu, na kilichokwisha kupotea hakirudishwi kwa dawa, kisu wala leza. Tiba yoyote ile huokoa kilichobaki tu. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, wilaya ya Dodoma inayopakana na Manyara upande wa Kiteto, na kuchapishwa mwaka 2000, ulikuta glakoma kwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Hicho si kiwango cha kupuuza kwa ugonjwa ambao mgonjwa huutambua akiwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uonaji.

Tiba ya kawaida imekuwa matone ya dawa, hasa timololi, ambayo hudondoshwa kila siku kwa maisha yote. Chupa moja haionekani kuwa ghali, na hapo ndipo hesabu hupotosha. Kwa mfano wa hesabu tu, chupa ya shilingi 5,000 inayotosha mwezi mmoja ni shilingi 60,000 kwa mwaka na shilingi 600,000 kwa miaka 10, bila nauli ya kuifuata dukani, bila siku ambazo duka la Dongobesh au Katesh halina, na bila kumhesabu mjukuu ambaye lazima awepo nyumbani kwa sababu mkono wa mzee unatetemeka na tone linaangukia shavuni. Dawa ambayo mgonjwa haoni inachofanya, kwa kuwa uonaji hauboreki hata akiitumia kwa uaminifu, ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Nayo ikikatwa, shinikizo hupanda kimya kimya vilevile kama lilivyopanda mwanzo.

Katika Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa wa rufaa wa kanda ya kaskazini, Manyara ikiwemo, swali la kama leza inaweza kushika nafasi ya matone lilipimwa kwa utaratibu wa kisayansi. Wagonjwa 201 wa glakoma waliandikishwa kati ya mwaka 2015 na 2017 na kugawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa matone ya timololi, na jingine likapigwa miale mifupi ya leza kwenye kile kichujio cha pembeni, miale isiyounguza bali inayoamsha seli zake zifungue njia ya maji. Matokeo, ambayo Heiko Philippin na wenzake waliyachapisha mwaka 2021 katika jarida la The Lancet Global Health, yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja tiba ilikuwa imefaulu katika asilimia 61 ya macho yaliyopata leza, dhidi ya asilimia 31 ya macho yaliyotumia matone. Miaka miwili kabla ya hapo utafiti wa Uingereza ulikuwa umekwisha kuonyesha kuwa leza inafaa kuwa tiba ya kwanza, na mwaka 2022 miongozo ya nchi hiyo ikabadilishwa kufuata mwelekeo huo. Lakini jaribio la Moshi lina uzito wa pekee kwa wasomaji wa ukanda huu, kwa sababu lilifanywa kwa watu wa hapa, wengi wao wakiwa wamechelewa kufika hospitali, na ndivyo wagonjwa wa Mbulu na Hanang wanavyofika.

Inapasa kuelezwa pia mipaka yake. Asilimia 61 si 100, nguvu ya leza hiyo hufifia kwa muda na baadhi ya wagonjwa huhitaji kurudiwa, glakoma ya aina nyingine, ambayo kona ya jicho imejifunga, haitibiwi hivyo, na aliyefika akiwa amebakiwa na uonaji mdogo sana huenda akahitaji upasuaji wa kisu. Mgonjwa aliyepigwa leza bado anapaswa kupimwa shinikizo mara kwa mara, na anayedhani amepona akatoweka, amelipia nusu ya tiba. Hata hivyo, mashine hii hugharimu makumi ya maelfu ya dola, si mamia ya maelfu, haitumii gesi, na karibu haina vifaa vya kutupwa kwa kila mgonjwa. Gharama yake kubwa imo katika kuinunua, kuitunza na kumfunza anayeitumia. Kumtibu mgonjwa mmoja zaidi ni gharama ndogo. Kwa hiyo mashine ileile inayotibu wagonjwa 3 kwa mwezi ni ghali, na inayotibu 30 ni nafuu, na bei atakayotozwa mgonjwa inategemea zaidi idadi ya wanaogunduliwa na kuletwa kuliko ukarimu wa hospitali.

Jamaa ya leza hiyo ni ile ya retina kwa wenye kisukari, inayofunga mishipa midogo ya damu inayovuja au kuota isipotakiwa. Nayo haimrudishii mtu alichopoteza, na nayo hutegemea kugunduliwa mapema. Mkoani Kilimanjaro, mpango wa kuwachunguza wagonjwa wa kisukari ulioanzishwa mwaka 2010 umekuwa ukitumia picha za retina kuwatafuta kabla hawajalalamika. Mgonjwa wa kisukari wa Hanang anayesubiri macho yaume ndipo aulize, atakuwa amesubiri dalili isiyokuja.

Kile ambacho risiti haionyeshi

Kutoka Katesh, barabara ya lami hupita Babati kuelekea Arusha, na kutoka Arusha hadi Moshi ni takriban kilomita 80 nyingine. Kutoka Haydom, mji mdogo wenye Hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955, safari huanza kwa barabara ndefu ya vumbi, na wakati wa masika vumbi hilo huwa tope. Mgonjwa asiyeona vizuri hasafiri peke yake. Nauli ni ya watu wawili kwenda na kurudi, chakula ni cha watu wawili, chumba cha kulala ni cha usiku mmoja au mitatu kulingana na foleni, na msindikizaji, ambaye kwa kawaida ni mtu mwenye nguvu kuliko wote nyumbani, ameacha shamba au mifugo. Katika tiba fupi kama ya leza, jumla ya haya inaweza kuizidi kwa mbali ada ya tiba yenyewe, na kwa kuwa glakoma na kisukari hudai marudio, jumla hiyo hurudi kila baada ya miezi kadhaa.

Kalenda nayo ina bei. Kaya ya mkulima wa ngano, mahindi, maharage au mbaazi huwa na fedha baada ya mavuno, na huwa mikono mitupu mvua zinapoendelea kunyesha na ghala likiwa limepungua. Mbuzi au ng'ombe anayepelekwa mnadani Katesh au Haydom kwa dharura, wakati wauzaji ni wengi na wanunuzi wanajua shida ya kila mmoja, huleta fedha ndogo kuliko yuleyule aliyeuzwa kwa kupanga. Hapa glakoma, kwa ubaya wake wote, inatoa nafasi ambayo jeraha au uzazi wa dharura hautoi: ikigunduliwa mapema, leza yake inaweza kupangwa iangukie baada ya mavuno, huku matone yakishikilia shinikizo katika kipindi cha kusubiri. Daktari anayempangia mgonjwa tarehe bila kumuuliza msimu wake wa fedha anampangia tarehe ambayo huenda haitatimizwa.

Tena uamuzi si wa mgonjwa peke yake. Utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu wazee wenye mtoto wa jicho ulionyesha kwamba umaskini pekee haukueleza nani anatibiwa na nani anabaki nyumbani, kwa sababu uamuzi ulifanyika ndani ya familia, katika mazungumzo ya nani atalipa, nani atasindikiza, na kama mzee mwenyewe anajiona ana haki ya kudai. Hakuna sababu ya kufikiri kwamba mambo ni tofauti katika boma la Mbarbaig au nyumba ya Mwiraqw, ambako mzee huenda akanyamaza ili asiwatwishe watoto mzigo wa ada za shule na ada zake kwa pamoja, na kimya hicho kikachukuliwa kuwa hana haja ya kuona. Mtoto anayefanya kazi Arusha au Dar es Salaam, akisikia tu kwamba baba haoni vizuri, hutuma fedha za miwani. Akielezwa kwamba jicho moja limekwisha kupotea na la pili linaweza kuokolewa kwa tiba ya siku moja, hutuma nauli.

Serikali haijaacha eneo hili tupu. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo katika vituo vya umma, Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Lakini kadi hufanya kazi pale tu huduma ilipo. Mzee mwenye kitambulisho cha msamaha anayehitaji leza iliyoko Moshi amesamehewa sehemu ndogo ya gharama na kuachiwa sehemu kubwa, kwa sababu msamaha haulipi basi wala haulipi siku za msindikizaji. Kwa hiyo, fao ambalo lingebadilisha maisha ya wagonjwa wa macho wa Manyara kuliko punguzo lolote la ada ni usafiri wa rufaa kulipiwa, au leza yenyewe kusogezwa karibu nao.

Kusogezwa huko si ndoto. Mashine ya leza ya glakoma hukaa juu ya meza, hufanya kazi pamoja na darubini ya macho ambayo kliniki nyingi za macho zinayo tayari, na inaweza kuhudumu kwa kambi za siku chache zilizopangwa kwa robo mwaka, mradi umeme uwe wa uhakika na daktari aliyefunzwa aje. Babati, makao makuu ya mkoa ulioanzishwa mwaka 2002, hufikika kutoka Katesh na kutoka Mbulu kwa safari ambayo mgonjwa anaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Haydom ina wagonjwa wa Mbulu, wa Hanang na wa Singida kwa pamoja, yaani ile idadi inayoifanya mashine iwe nafuu. Kituo kimoja kati ya hivyo viwili, kikiunganishwa na KCMC kwa mafunzo na kwa kesi ngumu, kingeondoa sehemu ya gharama ambayo hakuna punguzo la hospitali linaloweza kuigusa.

Kabla mashine haijafika, hatua ya bei ndogo kuliko zote inaweza kuanza leo. Glakoma hutembea katika damu: ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wako katika hatari kubwa zaidi ya kuipata kuliko jirani zao. Kila mgonjwa mmoja anayegunduliwa Haydom au Katesh ana kaka, dada na watoto wanaojulikana kwa majina na kwa vijiji, na kuwaita watu hao waliofikisha miaka 40 wapimwe shinikizo la jicho na mshipa wa fahamu ni kazi ya asubuhi moja katika kliniki ya kawaida ya macho, kabla ya kuuzwa mbuzi yeyote, wakati ambapo macho yote mawili bado yapo.